Jino la Kajetan

Saa kumi alfajiri naitoa tramu bohari.
Łódź ingali imejikunyata chini ya theluji ya juzi
iliyokwisha kuwa nyeusi.
Napita chini ya dirisha letu, ghorofa ya nne.
Jengo zima ni giza. Dirisha moja tu
linang'aa samawati, kama jicho la samaki
aliyesahauliwa kwenye barafu.

Nagonga kengele mara mbili. Ni salamu yetu ya zamani.
Alipokuwa na miaka sita Tymon aliamka, akapunga mkono,
akarudi kulala.
Sasa hapungi. Sasa ana kumi na tano
na usiku wake una abiria wengi kuliko tramu yangu:
huyu anatukana, huyu anacheza, yule anapigwa teke uani
na mtu asiyeonekana anacheka nyuma ya kamera,
kisha paka, kisha bomu, kisha msichana anafundisha kupaka wanja,
kisha teke lile lile tena, polepole,
ili tuone vizuri linapotua.

Jumanne wakaniita shuleni.
Kajetan alikuwa ameketi kwenye kiti cha Tymon. Basi.
Hakutukana, hakusukuma. Aliketi.
Jino likaruka, likabiringika mpaka uvunguni mwa kabati,
darasa zima likapiga magoti kulitafuta.
Kabla ya hapo simu tatu zilinyanyuliwa.
Mkono wa kuwaamua haukunyanyuliwa hata mmoja.

Mwalimu mkuu aliuliza: Kwa nini?
Tymon akatazama viatu vyake.
Muuguzi, Bi Wiesława, mfupi, ananukia dawa ya vidonda,
aliuliza: Umelala lini?
Akafikiri. Akahesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea.
"Jumamosi," akasema. "Kidogo."

Nilitaka kusema ni mashine, ni makampuni, ni dunia,
na pengine ni kweli yote matatu,
lakini mfukoni mwangu simu ilitetemeka
na mkono wangu ukaenda.
Ukaenda wenyewe, kama mbwa aliyeitwa jina.
Bi Wiesława aliuona. Hakusema kitu.
Afadhali angesema.

Usiku ule tulizifungia zote mbili ndani ya oveni,
mahali pekee nyumbani penye mlango mzito.
Aliniita neno ambalo sitaliandika.
Akaipiga friji ngumi. Akaipiga tena.
Saa nane akaja jikoni, akakaa, macho kama makaa:
"Mama, nikifumba macho vinaendelea."
Sikuwa na jibu. Nilimmenyea tufaha.
Tukasikiliza mabomba yakikohoa ukutani,
na jirani wa juu akikoroma bila aibu,
tajiri mkubwa.

Sitasema amepona. Alhamisi aliiiba simu.
Jumapili akairudisha ovenini, kimya, nami nikajifanya sikuona.
Jino la Kajetan nalilipa kwa awamu, miezi saba;
mama yake haitikii salamu yangu, na simlaumu.

Ila leo alipanda nami tramu ya saa moja.
Akaketi nyuma ya kibanda changu, mkoba kifuani.
Kabla hatujalifikia daraja kichwa kiliegemea dirisha.
Kituo cha shule kikafika. Nikamwona kwenye kioo changu:
mdomo wazi, ute kidevuni,
ngumi zimefumbuka zenyewe mapajani.
Nikafungua milango. Nikasubiri kadiri kanuni inavyotaka.
Nikaifunga.

Mwanamke mwenye kikapu cha viazi alikuja kuniuliza njia,
sauti yake kubwa ya sokoni;
akamwona, akaimeza nusu, nusu akainong'ona.

Tuligeuza kwenye kituo cha mwisho, tukarudi mjini.
Jengo letu lote lilikuwa limewasha taa,
watu wakichemsha chai, wakitafuta soksi.
Dirisha moja tu lilikuwa giza.
Nilipita chini yake taratibu,
na kengele sikuigonga.